Mgongo Wangu na Ndoo za Mama

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika lakini hewa ni nzito, jani la mgomba halitikisiki.

Naandika nimesimama, daftari likiwa juu ya debe la mahindi, kwa sababu nikikaa ukingo wa plasta unanichoma mapajani. Ni plasta mpya. Bado mbichi, baridi kama tope, na inanibana kutoka makwapani mpaka nyongani. Watu hapa kijijini wanaiita hogo. Daktari anaiita koti. Lakini koti mtu hulivua akitaka.

Nimechoka, nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Leo baba alinipeleka Kilosa kwa treni, kwenye hospitali anakokuja mara moja moja daktari wa mifupa kutoka Dar es Salaam. Plasta ya kwanza nilikuwa nimeivaa tangu kiangazi. Nimelala nayo, nimekwenda nayo shule, nimekaa nayo darasani jasho likitiririka ndani nisipoweza kulifuta. Nilijikuna kwa bua la mtama. Kuna siku nilichukua kisu cha jikoni niikate, nikakirudisha. Nilijiambia: Rehema, vumilia, utatoka umenyooka.

Walipoikata, ngozi yangu ilibanduka kama ganda la kitunguu. Nilivuta pumzi ikafika chini kabisa, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikapigwa picha ya eksirei. Daktari akaziweka picha mbili dirishani, ya zamani na ya leo. Mgongo uliopinda ulionekana wazi, hakuna aliyehitaji kunieleza.

Umezidi.

Daktari akaanza kuongea na baba juu ya kichwa changu, kana kwamba mgongo wenyewe ulikuwa umebaki nyumbani. Baba akawa anaitikia, "Ndiyo, daktari. Ndiyo." Ndiyo hiyo naijua. Ndiyo anayompa bwana shamba, kisha anapanda anavyotaka yeye.

Nikasema, "Daktari, naomba kuuliza. Hiki nilicho nacho ni nini hasa?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Lakini alijibu, hilo sitamnyima. Akaniambia niiname mbele, akapitisha kidole kwenye pingili zangu, moja baada ya nyingine. Uti wa mgongo wangu umepinda kwa upande kama herufi S, akasema, na pingili zimejisokota, ndiyo maana ubavu mmoja umetokeza na bega moja limeshuka. Jina lake skoliosisi. Si kifua kikuu cha mifupa, maana hicho kingeonekana kwenye picha, mifupa ikiwa imeliwa. Ugonjwa huu hauambukizi mtu.

"Umeletwa na nini?"

"Kwa wasichana wengi wa umri wako, hatujui."

"Siyo mizigo? Siyo ndoo za maji?"

"Ndoo inachosha mgongo, inauma. Lakini haiupindi hivi. Wapo waliobeba tangu utotoni na wamenyooka, na wapo wasiowahi kubeba kitu na wamepinda."

Baba akaangalia sakafu.

Lazima niandike kwa nini niliuliza habari ya ndoo. Tangu tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa, mto umekuwa mbali kuliko kule tulikokuwa. Mimi na mama ndio tuliokuwa tukichota. Shangazi, dada yake baba, anaishi nasi, na ndiye aliyeliona kwanza bega langu limeshuka, tukioga. Akamwambia mama, "Wifi, umemvunja mtoto kwa maji." Baba akaliamini neno hilo siku hiyo hiyo. Hakumpiga mama, hakumtukana. Alimnyamazia tu. Mgongo wangu ukitajwa, anamwangalia mama, kisha anatoka nje.

Basi mimi sibebi kitu tena. Mama anakwenda mtoni peke yake, na kipande cha reli, ndicho kengele yetu ya kazi, kikigongwa, anakwenda shamba la kijiji analima sehemu yake, halafu anaanza yangu. Wapo wanaoniita kupe, yule mdudu anayenyonya ng'ombe, kwa vile tumefundishwa kwamba asiyefanya kazi ni kupe. Mimi husikia, nikajifanya sikusikia. Mama hasemi kitu. Nilidhani ni uvumilivu. Sasa nadhani naye alikuwa ameamini.

Nikamwuliza daktari tena, kama nimevaa koti wakati wote huo bila kulivua, mbona umezidi? Akasema koti halinyooshi. Linajaribu kuuzuia usizidi wakati ninapokua, na kwa wengine linashindwa.

Linajaribu! Jasho lote lile, na hakuna aliyenitamkia neno hilo siku ya kwanza. Ningelivaa hata hivyo. Ila ningelivaa nikijua.

Sasa kuna njia mbili. Niendelee na koti mpaka nimalize kurefuka, nikitumaini hili la pili litashika. Au nipelekwe Dar nipasuliwe, niwekewe chuma kando ya uti wa mgongo, mifupa iungane, kisha nilale kitandani miezi nikiwa nimefungwa plasta. Nikauliza kama miguu inaweza kupooza. "Hatari ipo," akasema. "Ni ndogo, lakini ipo. Sitakudanganya." Nikamshukuru kwa hilo kuliko kwa yote mengine. Baba akasema, "Tutafikiri, daktari." Nikafungwa plasta mpya tukaondoka.

Ndani ya treni mama mmoja alimwuliza baba kama niliungua moto. Baba akajibu, "Mgongo tu." Nilikuwa nikimngoja aseme neno juu ya ndoo. Mashamba ya mkonge yakapita, yakaisha, vilima vikaja, tukashuka Mikumi. Hakusema.

Tulimkuta mama jikoni anasonga ugali, shangazi anachambua mboga kando yake. Nikawaamkia. Baba akavuta kigoda.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Umezidi. Wamemfunga tena. Kuna mambo ya kwenda Dar, tutafikiri."

Basi. Akaishia hapo.

Shangazi akasema, "Nilisema mimi. Mtoto mdogo, ndoo kubwa."

Nikamtazama baba. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu chake kana kwamba kiatu kile kilikuwa na haraka ya kwenda mahali. Nikajua hatasema, leo wala kesho. Nikasema mimi, "Daktari amesema siyo ndoo. Hajui ni nini, lakini siyo ndoo."

Mama akaacha kusonga. Hakunitazama mimi, alimtazama baba.

"Baba Rehema, ulikuwepo akisema hivyo?"

"Nilikuwepo."

"Basi sema wewe. Na dada yako asikie."

Sijawahi kumsikia mama akimwambia baba hivyo. Baba akaangalia mlango, nikadhani atatoka nje kama kawaida yake. Kisha akasema, taratibu, "Siyo ndoo, Mama Rehema. Siyo wewe."

Mama akageuza ugali kwa nguvu, akaupakua. Sahani ya kwanza akampa shangazi, maana ndiye mkubwa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na ndani ya plasta hata kulia ni kazi, kifua hakina pa kupandia.

Laiti ingeishia hapo. Lakini shangazi alimega tonge, akafikiri, akauliza, "Sasa kama siyo ndoo, ni nani?"

Nani! Siku nzima ya treni, picha mbili, mpaka jina la ugonjwa nimelibeba kichwani toka Kilosa lisinipotee, na bado mgongo wangu unatafutiwa mtu wa kulaumiwa. Nilitaka kujibu, nikakosa pumzi.

Baada ya kula mama alinifuta shingo na makwapa kwa kitambaa, akaweka pamba ukingoni panaponikwaruza. Akaniuliza, "Hiyo habari ya Dar, wewe unaionaje?"

Ndiye wa kwanza kuniuliza.

Nikamwambia naogopa. Akasema, "Na mimi." Akaendelea kupanga pamba.

Mwanga unakwisha, nimalize. Sijui kama nataka kupasuliwa. Najua sitaki wafikiri bila mimi. Asubuhi, kabla baba hajaenda shamba la kijiji, nitamwambia anipeleke Dar nikamsikie mwenyewe huyo atakayenipasua. Nataka nimwulize wangapi wamesimama tena kwa miguu yao na wangapi hawakusimama, na kama nitaweza kuinama, na kama nitaweza kuzaa. Akishanijibu ndipo nitasema nakubali au nakataa, kwa mdomo wangu.

Hasira bado ninayo. Acha ilale nami, asubuhi nitaihitaji.