Tone la Kisiginoni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu tele kwako, kwa shemeji na kwa mgeni wenu mchanga. Natumaini umeshapata nguvu na maziwa yanatoka vizuri. Huku hatujambo. Mwanangu hajaumwa tangu mvua zianze, na anakula kama aliyetoka jela.

Nasikia umenishtaki kwa mama kwamba siku hizi nakukatia simu upesi. Mama kanisema hadi masikio yakawaka moto. Basi nisikilize.

Uliponipigia ukilia, ukisema lile tone la damu walilomtoa mwanao kisiginoni alipozaliwa limeonyesha ana selimundu, ugonjwa huu wa damu, kama mwanangu, nilikupa pole zote ninazozijua. Ukaniambia umeshapewa dawa ya kumkinga na tarehe za kliniki. Nikasema afadhali. Simu ilipokatika, nilirusha mwiko ukutani.

Wangu alizaliwa hospitali hiyohiyo, wodi hiyohiyo. Hakuna aliyemgusa kisigino. Kipimo kilikuwa hakijaletwa. Vidole vikamvimba, tukaambiwa baridi. Akilia usiku, minyoo. Wewe mwenyewe, usikatae, ulisema namdekeza. Alikuwa na miaka minne, amelazwa, damu imemwishia na macho ya manjano, ndipo daktari mmoja akafikiria kumpima.

Kwa hiyo nina wivu, mdogo wangu. Namwonea wivu mtoto mgonjwa, tena wa ndugu yangu wa tumbo moja. Wako amejulikana kabla hajaumia. Wangu aliumia weee ndipo akajulikana.

Na kuna baya zaidi. Uliponiomba nije nikuonyeshe namna ya kumpapasa tumbo kujua kama bandama imevimba, nilisema nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilitaka nawe uhangaike kidogo.

Jana nilimweleza mwanangu habari za mdogo wake. Aliuliza tu kama ameshapata chupa ya maji, maana yeye kliniki wamemzoesha kunywa maji kutwa asiumwe. Kisha akaenda kuosha yake ya zamani, ile yenye kifuniko alichokitafuna, amletee. Niliona haya mbele ya mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Jumamosi tunakuja. Nitakushika mkono tumpapase pamoja mpaka vidole vyako vizoee. Ila usinune nikifika nikaanza kwa kumvua soksi. Nataka kwanza nikione hicho kisigino.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mwanetu.

Ni mimi, nisiye na mafua,
Dada yako