Gobore la Mama Selpher

Jumanne, 4 Februari 2025

Khwisero, nyumbani kwa wakwe. Mafundi wanaobomoa jiko la zamani wameteremsha kitu kutoka darini — gobore refu la Kimarekani! Mtutu wa pembe nane. Marehemu baba mkwe alizoea kusema babu yake alipewa na Mmarekani, zaidi ya miaka mia iliyopita.

Chifu Were alifika mbio. Ikiwa ni la kale, litaenda makumbusho kwa heshima. Ikiwa ni la juzi, hiyo ni bunduki bila kibali, na Mama Selpher, mama mkwe wangu, atajieleza kwa polisi. Akanigeukia: "Si wewe ulitunza ghala la silaha kule Isecheno miaka kumi na tisa? Sema basi."

Nilianza kulitazama. Kitako cheusi, laini kama mpini wa jembe. Mara nikasikia Mama anakuja na chai. Mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe — nikaliweka, nikatoka. Nje Chifu ananingoja na karatasi. Nikaandika: la kale, halisi. Nikatia sahihi.

Dakika tano!

Jumatano, 5 Februari

Sikulifungua. Ghalani sikupokea bunduki hata moja bila kutazama tumbo la mtutu, upande unaofichwa na mbao.

Nimemuuliza mke wangu kuhusu weusi wa kitako. Gentrix akacheka. Mama hulipaka samli kila Krismasi, na moshi wa jiko je? "Kumbe ulidhani ni uzee, Baba Lynette?"

Ijumaa, 7 Februari

Mama alikuwa mkutano wa akina mama kanisani. Nikaingia na nyundo ndogo. Nikagonga pini tatu, nikainua mtutu.

Skrubu zote zimekatwa kwa mashine. Chini ya mtutu, herufi safi za Kiingereza: itumie baruti nyeusi pekee. Na nambari. Nani angeonya hivyo zamani, wakati baruti nyingine haikuwepo?

Ni nakala. Labda ya miaka ya sabini. Lakini jiwe la gumegume linatoa cheche, tundu la kuwashia baruti liko wazi — inapiga! Kwa makumbusho haifai, na kwa polisi bado ni bunduki.

Nikarudisha pini. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 9 Februari

Chifu ametangaza kanisani. Makofi. Mama akasimama na kitambaa chake cheupe, akafuta macho. Bi Cherono wa makumbusho anakuja kesho saa nne kulikagua.

Nikisema, Mama anaenda kituoni. Nikinyamaza, Bi Cherono ataigundua, tunaenda wawili, na sahihi yangu mbele.

Jumatatu, 10 Februari, saa nne kasorobo

Sebuleni kwa Mama. Niliwahi ili nimwambie kabla wageni hawajafika. Nimefungua mtutu tena. Mama yuko chumbani, nyuma ya pazia. Gentrix amesimama katikati kubeba maneno.

Nimesema nilichokiona, na Gentrix hakuhitajika. Mama amejibu mwenyewe:

"Mukhwasi, mkwe wangu, hayo maandishi nayajua. Mzee wangu alipikia Mmarekani kule Lugari. Siku anarudi kwao akampa hiyo. Habari ya babu aliiongeza yeye, watu wakampenda nayo. Mimi kituoni nitaenda. Lakini wasimcheke."

Kisha mkono ukatokea chini ya pazia. Ukasukuma kigoda. Juu yake tupa ya kunolea, na kikopo cha samli iliyokorogwa na masizi.

Gentrix hatazami kigoda. Ananitazama mimi.

Herufi si za kina. Dakika kumi za kuzifuta kwa tupa, labda. Kisha kupaka.

Mlango wa nyuma unapitia chumbani kwa Mama, na humo mkwe hakanyagi. Umebaki wa mbele.

Gari limesimama. Chifu huyo, anacheka na mgeni. "Hodi! Mwenye silaha yuko ndani?"

Mtutu uko magotini, herufi juu. Tupa sijaishika. Sijaisukuma irudi, pia. Gentrix amekwenda mlangoni, mkono kwenye komeo, anangoja niseme afungue au azuie —