Kisanduku Chenye Jina la Baba

Buhembe, Bukoba
14 Novemba 1993

Kaka yangu mpendwa Datius,

Nyegera waitu. Nimeanza kwa salamu ya nyumbani, lakini mengine nitayaandika kwa Kiswahili, maana Kihaya cha kuandika hatukufundishwa wewe wala mimi, na sitaki unicheke. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kile kikohozi ulichokitaja kimepungua. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua akipandisha kutoka kibanjani kwenye migomba. Binti yako Kokubanza ni mzima, yuko darasa la kwanza, na anaongea kutwa nzima kama redio. Senene wameanguka wiki hii na tumekukaangia kopo moja, ingawa sijui kama litafika huko kisiwani Goziba salama. Mustapha, mchukuzi wako, namwamini kwa samaki, kwa senene simwamini.

Samaki wako tumewapokea. Mustapha aliwaleta mwenyewe mpaka mlangoni, na kile kikaratasi ulichokichomeka ndani ya gunia tumekisoma. Umeuliza mambo mawili tu baada ya miaka mitano: kama Mama yupo, na kama unaweza kuja nyumbani Krismasi. La kwanza nimeshalijibu. La pili lina maneno mengi, kwa hiyo tafuta mahali ukae.

Ulipoondoka nilikuwa mpiga chapa. Mwaka 1991 mradi wa kanisa wa watoto yatima ulifungua ofisi pale Hamugembe, wakaletewa kompyuta, na kwa kuwa vidole vyangu ni vyepesi nikakabidhiwa mimi. Kijana mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo alikaa nasi miezi minne. Aliniachia disketi tatu na kitabu kinene, akanieleza kwamba ndani ya zile disketi mna vipande vilivyokwisha kutengenezwa: madirisha, vitufe, visanduku vya kuchagua, orodha. Kazi yangu ni kuvipanga juu ya kioo na kukiambia kila kimoja kifanye nini kikiguswa. Usidhani ni picha kama za sinema. Kioo chote ni herufi, themanini kwa upana na mistari ishirini na mitano kwenda chini, na hata fremu za madirisha zimechorwa kwa alama hizo hizo. Ukiiwasha programu yangu, kioo kizima kinageuka fomu ya mtoto, nawe unahama kutoka kisanduku hadi kisanduku kwa kubonyeza kibodi.

Mwanzoni nilihangaika sana. Madirisha yangu yalikaa upande, maneno yalikatika ukingoni, na kila nikirekebisha hapa pale panaharibika. Nilinunua daftari la hesabu lenye miraba nikawa nachora kila kitu kwanza kwa penseli. Siku moja nikiwa nahesabu miraba, nikajikuta nahesabu kwa sauti kama Mama. Unakumbuka Kimwani, kwa mama mdogo, wakati wa vita? Mama alivyokuwa akihesabu ukindu kutoka pande zote mbili za mkeka ili ua likae katikati? Mimi ndiye niliyekuwa namshikia upande wa kushoto. Tangu siku hiyo nikawa napanga madirisha yangu kama alivyopanga yeye maua yake, na yakakaa. Wazungu wafadhili wa mradi walipokuja kukagua waliuliza nimesoma chuo gani, nami nikawajibu Kimwani.

Miaka ile naikumbuka mno siku hizi. Najua tulikuwa wakimbizi, tumelala wanane chumba kimoja, tumekula mihogo ya watu. Lakini tulikuwa wote. Wewe ndiye uliyetuchekesha kwa kuigiza jinsi mchungaji alivyokimbia na kanzu yake. Na kabla ya hapo ulitupotea njiani siku tisa. Watu wakamwambia Mama mtoto ameliwa na vita, aanze matanga. Mama akakataa. Kila jioni alikuachia nafasi yako kwenye mkeka, kati yangu na ukuta, na mtu akitaka kujinyoosha pale anamfukuza. Siku ya kumi ukatokea na kuku wa mtu mwingine kwapani. Mpaka leo hujasema ulimtoa wapi.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuzungusha.

Katika fomu yangu, chini ya jina la mtoto, kuna kisanduku cha Mama na kisanduku cha Baba. Kila kimoja kina machaguo matatu: yupo hai, amefariki, hajulikani. Yule kijana wa ng'ambo aliniuliza itakuwaje karani akikosea. Nikamwambia makarani wana vidole vizito, kwa hiyo ukichagua amefariki na kuhifadhi, kisanduku kitafifia na hakitaguswa tena. Akauliza, na kama habari ilikuwa ya uongo? Nikamjibu kwamba hapa kwetu wakishakwenda hawarudi. Nisamehe, Datius. Ule ugonjwa wa kukonda tuliouita Juliana ulikuwa umetufanya tuzike Jumamosi mbili kila mwezi, na wewe ulirudi zamani sana, nilikuwa nimesahau kwamba uliwahi kurudi.

Novemba mwaka jana Mama alimleta Kokubanza ofisini aandikishwe, apate sare na ada ya kuanza shule Januari. Mama alikaa benchi la nje na mtoto, mimi niko ndani mbele ya kioo. Kwa mama yake nikachagua amefariki, maana marehemu Ephrasia tulimzika wote. Nikafika kwako. Ningechagua yupo hai, lingefunguka dirisha la pili kutaka kijiji unachoishi na sahihi yako, na mtoto angepelekwa nyuma ya wale wasio na mzazi hata mmoja. Ningechagua hajulikani, ningemtukana Ephrasia kaburini na kumfanya binti yako asiye na ukoo. Nikachagua amefariki.

Nimekuwa nikijiambia mwaka mzima kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya sare. Si kweli, na wewe ni ndugu yangu, nitakuambia ilivyokuwa. Nilikuwa na hasira. Uliondoka siku ya nne ya msiba wa mke wako, nyasi za matanga hazijatolewa sebuleni, ukasema unakwenda visiwani wiki mbili. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Kila gari lilipolia njiani alikimbilia mlangoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimrudisha ndani. Kidole changu kilipofika kwenye neno lile sikusita hata kidogo. Nilibonyeza nikaona raha. Raha hiyo ndiyo inayonitesa, kuliko hata uongo wenyewe.

Haikuishia kwenye kioo. Mwezi wa nane ilifanyika ibada ya kuwaombea watoto wa mradi. Orodha ilichapwa kutoka kwenye programu yangu, na Mwinjilisti Pastory akaisoma mbele ya usharika wote. Alipofika kwetu akasoma: Kokubanza, binti wa marehemu Ephrasia na marehemu Datius. Mama alikuwa mstari wa tatu. Hakulia. Alimshika mtoto mkono wakatoka, wakatembea mpaka nyumbani, akatandika nyasi akaketi chini. Alidhani ofisi imepata taarifa kutoka visiwani na mimi nimeshindwa kumwambia. Majirani wakaja, wakaleta ndizi na maharage, wakakaa naye siku nne. Mwanamke yule yule aliyekataa matanga yako Kimwani, safari hii aliyakubali, kwa sababu kompyuta ya mwanaye ndiyo iliyosema. Na mimi nilikaa pembeni yake kwenye nyasi zile, nikinyamaza. Ndiyo, nilinyamaza mpaka Oktoba.

Gunia lako lilipofika, Mama alilitazama kabla hatujalifungua. Alishika lile fundo ulilolifunga mdomoni mwa gunia, akaligeuza geuza, akasema hii ni kazi ya mkono wa mwanaye, hakuna mtu mwingine aliyefundishwa naye kufunga hivyo. Hapo nikashindwa kuendelea. Nikapiga magoti nikamweleza yote, kisanduku, hasira, na orodha. Alitoa samaki mmoja mmoja akawapanga kwenye ungo. Kisha akaniuliza kama mashine inaweza kurekebishwa. Nikamwambia nimeifunga mwenyewe kwa makusudi, haifunguki. Akanishangaa. Akasema yeye akikosea mkeka hufumua mpaka pale alipokosea, hata kama ni usiku na mchana wa kazi, na kwamba hakunizaa mjinga.

Kwa hiyo nimefumua. Mkuu wa mradi nilimwambia ukweli kwanza, akanigombeza sana na alikuwa na haki, lakini sare ya mtoto hakuichukua. Kisha nikaifungua programu yangu. Mahali nilipoandika kwamba kisanduku kifungwe palikuwa na mstari mmoja tu. Nimeufuta. Badala yake nimetengeneza dirisha dogo. Sasa mtu akitaka kuondoa neno amefariki, dirisha linatokea katikati ya kioo, limehesabiwa sawasawa kushoto na kulia, na linauliza kitu kimoja: nani ameleta habari hizi?

Kokubanza tumemwambia. Alitaka kujua kama unajua kusoma, kama una ndevu, na kwa nini samaki wamekuja kabla yako. Jumamosi nilimpeleka ofisini nikamwonyesha. Amekwisha kukariri njia: anabonyeza mara tatu kufika kisanduku cha Baba, anapandisha mara moja, dirisha linatokea. Alitaka kuandika jina la Mustapha. Nilimzuia. Nimemwambia mara ya kwanza shangazi alibonyeza bila kukuona kwa macho, na kosa hilo silirudii.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hili. Njoo. Usisubiri Krismasi kama kikohozi kinazidi, njoo na meli ya kwanza, umekonda au hukukonda. Majirani tutawaeleza, ingawa wengine watakimbia wakikuona, na wewe usiwaongezee kwa vituko vyako. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Katika kioo changu wewe bado ni marehemu, na nitakuacha hivyo mpaka usimame nyuma ya kiti, Kokubanza akugeukie akutazame, kisha aandike jina lako mwenyewe pale penye swali.

Mama anakusalimu. Amenituma nikuambie tu kwamba ameanza mkeka mpana, na upande wa ukutani hakuna anayelala. Wasalimie wavuvi wenzako, na Mustapha umpe asante yangu hata kama kopo la senene litafika nusu.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,

Kezia