Mgeni Wenu

Kwa Mke wangu mpendwa, uliyeko Bweremana kwa wazazi wako,

Mada: Ombi la uamuzi kuhusu mtoto wetu

Kwa heshima zote, nakujulisha kwamba siandiki kukulaumu wala kukulazimisha kurudi huku Mubi. Naandika kuomba uamuzi mmoja, ambao hakuna mwingine mwenye haki ya kuutoa.

Unakumbuka juma lile ulipotoka kujifungua. Dada yangu alikukanda kwa maji ya moto, akakupikia sombe ya majani ya muhogo, nawe ukageukia ukuta. Mtoto alipolia ulisema polepole, “Mugeni wenu iko analia.” Nyumba nzima ikacheka, maana kwetu kila mtoto mchanga huitwa mgeni. Dada yangu akakujibu, “Basi umupatie chai, mama mwenye nyumba.” Hakuna aliyesikia kwamba neno zito lilikuwa lile “wenu”.

Baadaye ulimnyonyesha kama mtu anayetimiza amri, macho mlangoni. Wengine walisema umerogwa, wengine wakasema ni uvivu. Muuguzi peke yake alinieleza kwamba ni ugonjwa, huwapata baadhi ya wanawake wakisha kuzaa, nao hutibiwa. Ila wa kuutibu hayuko huku kwetu.

Barabara ya Masisi, iliyofungwa na mapigano, ilipofunguka kidogo, kaka yako akaja kukuchukua. Nilitaka kukubebesha mtoto kwa kitenge. Ulirudi nyuma, ukaniambia, “Usimufunge ku mugongo yangu, Papa. Nitamuacha mu njia, na sitajua kama nimemuacha.” Nilikifungua kitenge.

Mtoto sasa anakaa mwenyewe. Anakunywa maziwa ya kopo, na paji la uso ni lako kabisa. Akiingia mwanamke yeyote, humnyooshea mikono. Nimeacha kumwambia kwamba unakuja. Siwezi kukuficha, Mke wangu: tumaini ninalitafuta nisilione.

Dada yangu, ambaye mimba zake zote zilitoka, anaomba kumchukua kwake Walikale, awe mtoto wake, na asiambiwe kamwe vinginevyo. Amesema, “Mutoto hawezi kungojea mama sawa vile watu banangojea barabara.” Sikumkatalia, wala sikumkubalia, kwa kuwa mama aliye hai harukwi.

Kwa hiyo naomba uamue: mtoto apewe dada yangu, ao abaki wako. Ukishindwa kuandika, mwambie kaka yako anifikishie neno moja tu: “apewe” ao “abaki”.

Mume wako,
Baba wa mtoto