Kijikaratasi cha Safari ya Bondeni

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Jumanne ikiwa imelowa pembe moja, nami niliipokea nikiwa mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hupanda ngazi kwa masharti yake lenyewe. Natumaini presha yako imetulia na shemeji amepata nafuu ya mgongo. Mwambie nimeiona ile mistari miwili aliyoiongeza chini kwa kalamu yake, kwamba nikusemeshe mimi kwa sababu hapo nyumbani hakuna tena anayekuweza. Nilicheka. Halafu nikarudi juu kuisoma barua yenyewe, kicheko kikaisha.

Huku hakuna jipya. Chumba changu bado ni kile cha ghorofa ya nne, na ndege zinazotua hupita juu ya dirisha langu tangu alfajiri. Jirani aliniuliza ninawezaje kuzivumilia kelele zile, nikamjibu kwamba nimezizoea. Sikumwambia kwamba huwa nazihesabu, wala kwamba bado nakunja uso ndege ikichelewa kugeuka. Nimeishi ugenini miaka ishirini na tisa, na mnara wa kuongozea ndege haujanitoka mwilini.

Nije kwenye jambo lako. Unasema mwanetu amekuja na habari kwamba anataka kumwoa binti wa Taratibu, yule niliyepokezana naye zamu mnarani, nawe umekataa katakata. Unaniomba mimi, mkubwa wenu, niandike neno moja la kukuunga mkono ili mjadala ufungwe. Umeandika kwamba huwezi kukaa meza moja na mtu aliyekuondoa angani kwa uongo, na kwamba yule hata kuku hawezi kuwaongoza wakaingia bandani. Kijana naye, unasema, amekujibu kwamba yeye anaoa binti, haoi mnara. Amekurithi mdomo, usimlaumu mtu mwingine.

Nimeisoma barua hiyo mara nne, na kila mara nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, nimeikasirikia ile kamati ya uchunguzi iliyotukalisha kwenye viti vya mbao siku tatu bila kuuliza swali moja la maana, na yupo mwingine ambaye nitamfikia. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sote tulisema kweli. Hebu tuipitie siku ile pamoja, polepole, maana hatujawahi kufanya hivyo.

Wewe ulileta karatasi zako asubuhi, ukaomba njia ya bondeni, kama kila siku. Saa moja baadaye jeshi likapiga simu mnarani kusema watapiga mizinga bondeni hadi saa kumi, kwa hiyo ndege zote zipite upande wa vilima. Simu ile niliipokea mimi. Tangazo lilipobandikwa ofisini kwenu, wewe ulikuwa tayari ndani ya ndege, unawapakia abiria. Nilichukua kijikaratasi cha safari yako, nikaikata njia ya bonde kwa penseli, nikaandika juu yake njia ya vilima. Kisha nikakirudisha kwenye kibao cha mezani tulichopangia vijikaratasi vya safari zote, kikiwa kimepinda upande. Nadhani unajua maana yake, ingawa nyinyi marubani mlizoea kutucheka kwamba tunaongoza ndege kwa vipande vya karatasi. Kijikaratasi kilichopinda kilituambia kwamba neno hilo rubani bado hajaambiwa. Akishaambiwa na kukubali, tunakinyoosha.

Saa sita Taratibu alikuja kunipokea zamu. Alipokaa mezani, kijikaratasi chako alikikuta kimenyooka. Ndiyo maana ulipoita redioni kuomba kuondoka, alikujibu kwa ile sauti yake ya mtu anayepoza chai kwamba njia yako imekubaliwa. Yeye aliwaza vilima, akiamini umeshaambiwa. Wewe uliwaza bonde, kwa sababu hukuwa umeambiwa kitu. Ukashukuru, ukaondoka. Hakuna aliyetaja hata kituo kimoja cha njiani, maana ndivyo tulivyozoea, sisi na nyinyi, kubana maneno kana kwamba redio ingeisha. Na wale wa kituo cha mbele walipokuuliza unafanya nini bondeni, ulibishana nao dakika sita nzima kwamba umeruhusiwa, huku abiria wakiona moshi wa mizinga upande wa kulia. Hukusema uongo. Uliruhusiwa.

Mbele ya kamati Taratibu alisema alikikuta kimenyooka. Mimi nilisema nilikipinda. Wanakamati wakatazamana, kisha wakamtazama yeye. Mimi nilikuwa na miaka ishirini mnarani bila kosa, na nilikuwa ndiye yule waliyemwita Rula. Yeye alikuwa na miaka minne na jina la utani la kumcheka. Wakaandika kwamba alikuwa mzembe na tena mwongo, wakampeleka stoo kuhesabu matairi. Wewe wakakunyang'anya leseni kwa kutosoma tangazo na kwa zile dakika sita. Nakumbuka ulivyomngoja koridoni ukamwita mwongo mbele ya makarani. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akachukua kofia yake akaenda.

Sasa nisikilize, na ukiwa umesimama, kaa.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo nilivyokuwa siwezi kulala kama viatu vya mlangoni havijapangwa sawa. Mama alisema ugonjwa huu utaniponza siku moja, tukacheka. Mnarani nilikuwa vilevile. Zamu ikiisha nilifuta meza, nikachonga penseli, nikapanga kibao. Siku ile nilimweleza Taratibu habari za upepo na za taa iliyoungua, nikatia saini daftarini. Habari ya njia yako sikuitamka kwa mdomo, kwa kuwa kijikaratasi kilichopinda kingemweleza. Kisha, alipogeuka kutundika koti lake, nilipitisha kitambaa mezani, na kidole changu kikapita kwenye kibao kikanyoosha kila kitu kilichokuwa hakijakaa sawa. Chako kilikuwa cha tatu kutoka juu.

Nilijua jioni ileile, nikinawa mikono. Kidole kilikumbuka kabla yangu. Kwenye kamati waliniuliza kama nilikipinda, nikajibu ndiyo. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekinyoosha, nami sikujitolea. Nilijiambia nimejibu nilichoulizwa. Baada ya miaka miwili mambo ya nchi yakaharibika, nikaondoka kama walivyoondoka wengi, na watu wakanihurumia. Sikuwahi kumweleza yeyote kwamba nilipanda lile basi nikiwa na nafuu moyoni, kwa sababu nisingekutana tena na Taratibu kwenye ngazi.

Basi neno uliloomba ni hili: mtu yule hakusema uongo. Aliyekuondoa angani ni mimi, na wewe umenitumia salamu za kila sikukuu kwa miaka thelathini na moja. Barua hii usiifiche. Ipeleke kwake wewe mwenyewe, mkono kwa mkono, umsomee yote, hata palipo pabaya, na mwanetu awepo. Ukimaliza, umwombe binti yake kama wazazi waombavyo. Akikataa, hiyo ni haki yake, na lawama mniletee mimi.

Nisalimie shemeji, umwambie nimekusemesha. Msalimie mwanetu na huyo binti, ambaye sijamwona ila nimeshamkosea.

Ile picha yako ya sare, uliyopiga mwaka ulipopata leseni, iko ukutani juu ya meza ninayoandikia. Kabla sijaanza barua hii nimeipinda kidogo upande wa kushoto. Inanikera kila nikiinua macho, na mkono umeshaifuata mara mbili. Itakaa hivyohivyo mpaka uniandikie kwamba Taratibu ameambiwa.

Ni mimi kaka yako,
Rula