Kisanduku cha Ubavuni mwa Dirisha

Edinburgh, 9 Novemba

Kaka Ranald,

Sisi wazima, ila baridi imetukalia vibaya. Baba amechoka kuziba madirisha kwa magazeti, kwa hiyo leo amemleta fundi Geddes. Kila dirisha la kupandisha linavuliwa, linawekewa brashi ya kuzuia upepo, kisha linarudishwa.

Nilidhani ni hayo tu. Sasa Geddes anasema kamba za kupandishia madirisha zimeoza. "Lazima nifungue kisanduku cha ubavuni, mzee. Vile vyuma vizito vya kusawazisha dirisha vinaning'inia humo kwa kamba."

Nikadakia, "Kamba si bado nzima?"

"Binti yangu Una, umeanza lini useremala?" Baba akacheka, akachukua tochi amwangazie.

Saa ya mfukoni ya babu, ile uliyosingiziwa kuiiba ukafukuzwa nyumbani miaka kumi na moja iliyopita, imo humo. Niliichezea, kioo kikapasuka, nikaificha. Uliponitazama siku ile, nilinyamaza.

Kifuniko kimegandishwa na rangi aliyopaka Baba mwenyewe baadaye. Geddes anakichokonoa kwa patasi. Ningeweza kutoka nje. Nimebaki mezani nikuandikie.

Kimebanduka. Baba ameingiza mkono.

Ameishika saa, hageuki. "Una, unamwandikia nani?"

Nimemtajia jina lako.

Aliyekunyamazia,
Una