Kuku Mweupe Asichinjwe

Wanangu,

Kuku mweupe haumwi. Anapukutisha manyoya tu, mapya yataota. Asichinjwe! Mbaya wake si mwewe, ni yule mwekundu: anamdonoa mgongoni mpaka damu, kisha anayala manyoya. Huyo mwekundu nimemfunika kwa tenga huko uani. Wote wapeni pumba na dagaa waliosagwa, ndicho walichokosa.

Asubuhi niliwaita mara tatu mje tumkamate. “Nakuja, Mama,” mkaitikia kama kibwagizo, asije hata mmoja. Nikamkimbiza peke yangu, nikateleza, nikaangukia mkono. Mlipotoka, huyu kazini, yule shuleni, nilikuwa bado nimekaa chini bandani. Nilisikia geti likifungwa. Hakuna aliyechungulia.

Kiwiko kimevimba, nimekwenda zahanati. Naandika kwa kushoto, msiucheke mwandiko wangu.

Chai imo kwenye chupa. Mayai msiyatafute, kuku akinyonyoka hatagi.

~~Msinifuate, nitarudi mwenyewe.~~

Hapo nimekata. Nifuateni. Atakayesoma wa kwanza asingoje wenzake.

Mama yenu